Acheni Kupiga Windo

Kuna maneno mawili ningependa yapumzishwe katika vibanda vyote vya kompyuta vya Morogoro, kuanzia hapa kwetu Mzinga mpaka Msamvu: "piga windo". Mteja akileta laptopu nzito, piga windo. Sauti haitoki, piga windo. Printa haionekani, piga windo. Na ikifika ile yenye ugonjwa wa ajabu kuliko yote, inayoipokea nywila yako, ikakukaribisha kwa jina, kisha kabla hata aikoni moja haijatokea ikakutoa na kukurudisha mlangoni, fundi haiangalii mara mbili. Anachomeka fleshi yake na kuanza kufuta.

Kwa ambaye hajakutana na msemo huu, kupiga windo ni kuondoa mfumo endeshi wa Windows na kuweka mwingine. Ukifanywa kwa haraka, kama unavyofanywa mara nyingi, unaondoka na kila kitu kilichokuwa kwenye diski C. Huko ndiko wengi wetu tunakoweka tasnifu, picha za harusi, matokeo ya wanafunzi na hesabu za vikoba. Mimi ni fundi, ugali wangu unatoka kwenye kazi hii, na ninasema bila kumung'unya maneno: kumfutia mtu kazi yake kabla ya kujua kompyuta yake inaumwa nini si ufundi. Ni kuchoma nyumba kwa sababu ya kunguni.

Tuuangalie ugonjwa wenyewe. Kompyuta inayokuingiza na kukutoa papo hapo imekwambia jambo kubwa bila kuombwa: nywila yako ni sahihi. Ingekuwa na kasoro ungeambiwa umekosea. Mlango umefunguka, kilichokwama kipo hatua moja baada ya mlango. Kwenye Windows, nywila ikishakubaliwa, mfumo hupakia profaili yako, yaani mipangilio yako binafsi. Kisha programu iitwayo Winlogon husoma kwenye rejista ya mfumo mstari mmoja unaoitwa Userinit. Mstari huo hutaja jina la programu ya kuamshwa, na kwa kawaida jina hilo ni userinit.exe, lililomo ndani ya folda ya System32. Huyu ndiye mwenyeji anayekutandikia mkeka. Yeye huandaa kikao chako, halafu humwita explorer.exe, ambaye ndiye anayekuletea aikoni na kitufe cha kuanzia. Jina la mwenyeji likibadilishwa, au faili lake likipotea, hakuna wa kukupokea. Kikao kinafungwa. Unajikuta nje tena, ukitazama jina lako mwenyewe.

Enzi za Windows XP ugonjwa huu ulizunguka dunia nzima, na chanzo chake kinafundisha. Kulikuwa na programu chafu iliyoitwa BlazeFind. Ilipoingia kwenye mashine ilifuta jina la userinit.exe kwenye ule mstari na kuandika jina la faili lake, wsaupdater.exe. Mtu aliendelea kuingia kama kawaida, kwa sababu faili hilo lilikuwepo. Kisha akaja msafishaji. Programu ya kuondoa uchafu ililiona faili la BlazeFind na kulifuta, lakini haikuurudisha mstari wa rejista ulivyokuwa. Kuanzia hapo kila aliyeingia alitolewa. Tazama vizuri: mashine iliumwa na kirusi, ila ilifungiwa mlango na tiba iliyofanywa nusu. Na dawa yake ilikuwa nyepesi. Unaingia kwenye koa ya uokoaji, unatengeneza nakala ya userinit.exe na kuipa jina la lile faili lililofutwa. Mwenyeji anapatikana, mlango unakaa wazi, ndipo unaingia na kuusahihisha mstari. Amri moja. Hakuna picha ya harusi iliyopotea.

Wanaotumia Linux nao wana ugonjwa huohuo kwa jina jingine. Kwenye Ubuntu, kwa mfano, unaweza kuandika nywila sahihi, kioo kikawa cheusi sekunde moja, ukarudishwa mlangoni. Mara nyingi ni faili dogo liitwalo .Xauthority kwenye folda yako ya nyumbani, ambalo sasa linamilikiwa na mtumiaji mkuu wa mfumo badala ya wewe. Au diski imejaa mpaka pomoni, na kikao hakina hata nafasi ya kuandika kuwa kimeanza. Unabonyeza Ctrl, Alt na F3, unaingia kwa maandishi matupu, unaangalia nafasi ya diski, unaangalia faili ni la nani. Ukimkabidhi mwenyewe faili lake kwa amri ya chown, au ukipunguza mizigo, kazi imekwisha.

Mwaka jana dada mmoja, mwanafunzi wa chuo, alinifikia na laptopu ya namna hii. "Shikamoo fundi," akaanza, ingawa tunalingana umri. Nadhani ni woga. Kibanda alichotoka kilikuwa kimeshamtajia bei: shilingi 15,000, kupiga windo, jioni achukue. Nikamuuliza swali ambalo hakuulizwa kule: ndani kuna nini? Akakaa kimya kidogo. Kulikuwa na sauti za wazee 14 wa milimani Uluguru, alizorekodi kwa simu akazihamishia humo, wakieleza kwa Kiluguru namna walivyolima matuta na kugawana mashamba ya ukoo. Kwenye simu alishazifuta ili apate nafasi. Wawili kati ya wazee hao walikuwa wameshazikwa.

Niliiwasha mashine kwa fleshi yenye Linux, bila kuigusa Windows yake. Sauti zote zilikuwepo. Nikazinakili kwanza, kwenye diski mbili. Ndipo nikafungua rejista yake kutoka nje: mstari wa Userinit ulikuwa unaelekeza kwenye faili ambalo halipo. Kirusi kilikuwa kimeubadilisha, antivairasi ikakifuta kirusi na kuuacha mstari. Mkasa uleule wa XP, kwenye mashine ambayo haikuwa na XP. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja, na sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa tunangoja sauti zinakiliwe. Kwa shilingi 15,000, jioni ileile, wazee wale wangekufa mara ya pili.

Najua mafundi wenzangu watanijibu nini, maana wameshanijibu. Mteja ana haraka. Mteja halipii kufikiri. Analipia kitu anachokiona, na Windows mpya inaonekana. Kibanda kina kodi, umeme una bei, na ukimwambia mtu "niachie nichunguze, nitakutoza 5,000 hata nisipoitengeneza", anahamia kibanda cha jirani. Yote haya ni kweli, na kosa hapo ni la mteja pia. Sisi tunaosoma magazeti ya mtandaoni tunamlipa daktari kwa vipimo kabla ya dawa, lakini fundi akitaka kupima tunamwona tapeli. Nakubali vilevile kwamba iko siku kupiga windo ndiyo dawa: mfumo umeoza, au diski inakufa. Lakini hata siku hiyo kuna mpangilio usiobadilika. Kwanza okoa vya mtu. Pili tafuta chanzo. Kufuta ni la mwisho. Anayeanza na la mwisho ameipa uvivu wake jina la ujuzi.

Wala tusiseme hatukulelewa kufikiri hivi. Bomba likikauka mjini Morogoro, hakuna mtu mwenye akili anayeng'oa koki na kununua nyingine. Tunauliza kuhusu bwawa la Mindu. Na tukifika Mindu tunauliza mito inayolilisha, Ngerengere, Mlali na huu Mzinga wetu. Tukifika mtoni tunanyanyua macho milimani na kuuliza nani kakata miti, nani kalima mpaka ukingoni, tope hili limetoka wapi. Bibi ambaye hajaigusa kompyuta maisha yake yote anajua kwamba maji yana mkondo, na kwamba hitilafu hutafutwa kwa kuufuata mkondo kwenda juu. Kompyuta nayo ina mkondo wake: nywila, profaili, Userinit, explorer. Aliyeufuata mto hawezi kushindwa kuufuata mstari.

Tatizo letu ni la zamani kuliko vibanda. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500. Haikuishia vizuri. Hesabu za serikali zilivurugika, na waliouandika mkasa huo wanataja uhaba wa wataalamu wetu wenyewe na kuwategemea wageni. Mwaka 1974 likatoka jibu: kompyuta zikapigwa marufuku kuingizwa nchini, pamoja na televisheni. Wenye shida maalumu waliomba kibali. Sidharau sababu za wakati ule. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na taifa changa lilikuwa na njaa nyingi za kushibisha. Lakini sikiliza umbo la uamuzi wenyewe: mashine imetushinda, ondoa mashine. Huko nako kulikuwa kupiga windo, kwa kiwango cha nchi. Kama kilichopungua kilikuwa watu wanaojua kuuliza mashine inaumwa wapi, marufuku haikumzalisha hata mmoja. Miaka ilipita, marufuku ikalegea, kompyuta zikarudi kwa wingi. Swali likabaki palepale tulipoliacha.

Na bado tunalikwepa darasani. Kizazi changu kilikariri vizazi vya kompyuta, cha kwanza taa za utupu, cha pili transista, tukaandika maana ya maunzi na maana ya programu, tukapata alama zetu. Sikumbuki siku hata moja ambayo mwalimu aliiharibu mashine kwa makusudi akatuambia: tafuteni. Somo hilo lingegharimu nini? Mashine moja kuukuu, mstari mmoja wa rejista uliobadilishwa, dakika 80 za kipindi. Mtoto aliyeupata mwenyewe ule mstari hatamwamini tena mtu anayemwambia kwamba kisichoeleweka kinafutwa tu.

Nasema mstari mmoja, lakini wewe unayesoma haya pengine hutafungua rejista maishani mwako. Sawa. Wewe una kazi nyepesi zaidi, na nguvu yako ni kubwa kuliko yangu, kwa sababu pesa iko mfukoni mwako. Siku mashine yako ikikupokea na kukutoa, mpe fundi maswali matatu kabla hujampa mashine. Vitu vyangu utavinakili wapi kwanza? Umeona nini kinachokufanya uamini tatizo ni Windows nzima? Ukishamaliza, utaniambia chanzo kilikuwa nini? Mwenye majibu mlipe, hata kwa kule kupima tu. Asiye na majibu, hata akiwa na vyeti ukuta mzima, chukua laptopu yako, mwage vizuri, uondoke.

Vilivyo vyako bado vimo ndani. Nywila ilipita. Kilichopotea ni mwenyeji wa kukupokea, na mwenyeji hutafutwa, nyumba haibomolewi.