"Inaingia" haitoshi: somo nililopata kwenye turbo haibridi

Wadau, leo naongea na wanaouza spea mtandaoni, ila hata muuza chaja asome, linamhusu.

Ukiposti turbo haibridi, lazima atokee mtu inboksi aulize kama inatumia umeme, kama ile Prius. Hapana. Zipo turbo zenye mota ya umeme, Formula 1 walianza kuzitumia 2014, lakini siyo hizi. Hii tunayouza ni turbo ya kiwandani ambayo kava lake limechongwa kwa ndani likabeba feni kubwa zaidi. Mfano TD04 ya Mitsubishi, inayokuja kwenye baadhi ya Impreza WRX: watu wanatoa feni ya 13T wanaweka ya 19T. Bolti zinakaa palepale. Kwa nje huoni tofauti.

Hapo ndipo nilipoteleza. Mteja wa Subaru aliniuliza kitu kimoja tu: "Kaka, inaingia?" Nikamjibu inaingia bosi wangu, hukati wala huchomelei kitu. Na kweli ikaingia. Wiki tatu baadaye akanitumia picha ya pistoni imetoboka, na chini yake kaandika: "Uliniambia inaingia."

Sikumdanganya. Ila nilijibu swali lake, nikanyamazia lile ambalo hakujua kuuliza.

Feni kubwa inasukuma hewa nyingi. Hewa ikiongezeka, petroli nayo lazima iongezeke. Kama nozeli na pampu ni za zamani na kontroli boksi haijapangwa upya, mafuta hayatoshi, joto linapanda, injini inaanza kugonga, mwisho pistoni inakufa.

Najua kuna atakayesema, "Mimi siyo fundi, nauza tu." Hata mimi nimeishia form four, haya nimejifunza kwa kukaa gereji na kuuliza. Lakini mteja wa mtandaoni hajashika mzigo, hajaona duka. Ananunua neno lako. Ukimpa neno nusu, huna tofauti na anayepunja mzani.

Siku hizi sitaji bei kabla sijauliza haya:

1. Injini gani, na turbo iliyopo ni namba gani?
2. Nozeli na pampu zimebadilishwa?
3. Nani atapanga kontroli boksi? Iwe kabla gari halijakanyagwa, siyo "baadaye".
4. Bomba la oili ni safi? Shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoibeba ni oili. Uchafu kidogo tu unaua turbo mpya.

Na mimi pia namuuliza anayeniletea mzigo: karatasi ya balansi iko wapi? Kama hana, sichukui.

Kuna wateja wanakereka na maswali, wanaenda kununua kwa asiyeuliza. Inauma, hasa mwezi wa kulipa kodi ya fremu. Ila yule wa pistoni nilimrudishia hela yote ya turbo, na injini bado akanunua kwa hela yake. Hajarudi kwangu tena, na simlaumu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "inaingia?", kabla hujajibu, muulize anataka ikafanye kazi gani.