Picha ya Bata Mzinga na Ulimi Wangu

 

Leo sianzi na swali la msomaji kama ilivyo kawaida yangu. Naanza na kosa langu mwenyewe. Nililisema msikitini baada ya swala ya Isha, likarekodiwa kwa simu, likazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia hapa Babati mjini hadi Magugu na Galapo. Sasa siwezi kulirekebisha kwa kunong'ona sebuleni kwa mtu. Lilitoka hadharani, acha lirudi hadharani.

Wengi mnaikumbuka ile darsa ya mwisho wa Novemba. Niliwasema vijana wanaokwenda ughaibuni na, kwa maneno yangu, "kuuza dini kwa paja la bata". Sikutaja jina. Lakini mji wetu mnaujua. Kijana wa hapa aliye Marekani tunayemfahamu wote ni huyo mmoja, na picha yake ilikuwa imeshazunguka asubuhi ile kabla hata watu hawajatoka Alfajiri. Picha inamwonyesha kijana wetu amesimama nyuma ya meza, katikati ya familia ya Kizungu. Mbele yao kuna bata mzinga mzima aliyeokwa, mkubwa kama mwana mbuzi, na pembeni kuna chupa ya mvinyo. Niliiona picha, nikahukumu. Mimi huyo huyo, mwezi mmoja nyuma, nilikuwa nawafasiria Surat Al-Hujurat, aya ya 6 inayotuamuru tuzihakikishe habari na aya ya 12 inayotukataza kuwadhania watu vibaya. Nilifasiri vizuri sana, watu wakanisifu.

Baada ya siku nne mama yake akaja nyumbani. Ananiita shemeji, kwa kuwa marehemu mumewe nilisoma naye chuo Kondoa tukiwa wadogo. Hakuketi. Akasema, "Shemeji, mwanangu amesikia uliyoyasema. Ametumiwa. Sasa hapokei simu yangu." Kisha akaondoka. Wallahi, usiku ule sikulala.

Ilinichukua karibu wiki mbili kumpata kijana, na alipopokea alinisalimia kwa adabu zote: "Shikamoo ustadh." Nikaitikia marahaba kwa sauti ndogo, nikamwomba anisimulie. Ninayoandika hapa ameniruhusu niyaandike, ila jina lake na la mji anaoishi nimeyaacha.

Alikwenda mapema mwaka 2025 kwa ile bahati nasibu ya ukaazi. (Waliowahi kuniuliza kama ile ni kamari: yeye hakuweka fedha yoyote ya kushindania, na kamari ni kuweka chako ukitarajia kula cha mwenzio. Tuyaache hayo.) Yuko jimbo la Iowa, katikati kabisa ya Marekani, nchi ya mahindi kama hapa kwetu. Anafanya kazi ghalani, anapakia mizigo. Katika ghala lile Mwislamu ni yeye peke yake. Ijumaa akipata ruhusa huendesha gari kiasi cha saa moja hadi Cedar Rapids. Nami hapo nilijifunza jambo: katika mji huo kuna msikiti uliojengwa mwaka 1934 na wahamiaji waliotoka nchi za Sham, na ni katika misikiti mikongwe kabisa iliyojengwa Marekani na ingali imesimama. Mimi nilidhani anaishi pasipowahi kutajwa jina la Mwenyezi Mungu. Kumbe adhana imesomwa huko kabla baba yangu hajaoa.

Lakini msikiti ulio mwendo wa saa moja si jirani. Idi yake ya kwanza huko ilimkuta kazini. Serikali yao ina siku kuu kumi na moja kwa mwaka, na ya dini ni Krismasi peke yake. Sisi hapa tumezoea Idi ni mapumziko kwa nchi nzima, Krismasi vilevile, mpaka tunadhani ndivyo dunia ilivyo. Yapo maeneo yanayojitahidi, kwa mfano shule za serikali za mji wa New York zinafunga siku ya Idi tangu mwaka 2015, lakini ghala halifungi. Aliswali Idi yake peke yake chumbani, akala mkate na mayai, akaingia zamu. Alipofika hapo nikakumbuka Idi yangu ya kwanza Kondoa, nina miaka kumi, nimejificha nyuma ya choo cha madrasa nalia kwa sababu hakuna aliyenishonea kanzu. Na mimi nilikuwa nimezungukwa na Waislamu!

Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba. Huku kwetu mtandao ulikuwa haupatikani siku zile, hata mama yake hakuweza kumsalimia. Kijana alivaa kanzu na kofia, akaanza safari ya Cedar Rapids. Akasimama kujaza mafuta. Muuzaji akamsifia: vazi lako limependeza kweli, umejigeuza nani? Akashangaa. Kumbe ni siku yao ya Halloween, watu wanavaa kama mizimu na wafalme na wanyama, watoto wanapita mlango kwa mlango wakiomba pipi. Jioni mlango ukagongwa, akafungua, akakuta mafuvu matatu ya urefu wa kiuno yanamtazama. Aliniambia alisoma Ayatul Kursiy yote kabla hajaona kuwa mafuvu yameshika ndoo za pipi. Tulicheka sote wawili, na ndipo nikajua ameanza kunisamehe.

Lakini la kanzu halikuniacha. Vazi la swala, mtu analiona ni la mchezo, na wala hana nia mbaya. Huo ndio upweke anaoishi nao mtoto yule, na sisi huku tunausoma kwa picha moja.

Sasa hiyo picha. Alhamisi ya nne ya kila Novemba ni sikukuu yao ya Shukrani, Thanksgiving. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 27. Asili yake wanaipeleka mwaka 1621, mahali panapoitwa Plymouth. Waingereza waliohamia huko kwa meli, takriban mia moja, walikuwa wamepoteza nusu ya watu wao katika baridi ya kwanza. Wenyeji wa nchi, Wawampanoag, wakawasaidia kujua kulima mahindi, na mavuno yalipopatikana wakala pamoja siku tatu. Wageni wenye njaa walilishwa na wenye ardhi. Yaliyofuata baadaye mnayajua au mnaweza kuyakisia, ardhi ilikwenda kwa nani. Ndiyo maana tangu mwaka 1970 wapo wajukuu wa wenyeji hao wanaokutana Plymouth siku hiyohiyo kwa maombolezo. Rais Lincoln aliitangaza siku hiyo mwaka 1863 katikati ya vita vyao wenyewe kwa wenyewe, na Bunge lao likaiweka katika sheria mwaka 1941. Leo kwa wengi wao ni siku ya kurudi nyumbani. Barabara zinajaa kama hapa kwetu Desemba, Wachaga wanapopanda Moshi.

Mama mmoja wa makamo anayefanya naye kazi alimuuliza, "Alhamisi utakula wapi?" Akajibu, chumbani. Yule mama akasema haiwezekani. Kijana akamweleza mapema: mimi ni Mwislamu, siwezi kula kila nyama, na sikai kwenye meza yenye pombe. Mama yule hakununa. Alipofika, akiwa na chapati zake ishirini alizosukuma mwenyewe usiku, aliwekwa kwenye meza ndogo ya watoto, ambako hapakuwa na tone la mvinyo. Mtu mzima mwenye ndevu, magoti yamegusa kidevu, anakula viazi vitamu na boga pamoja na watoto wa miaka sita! Bata hakumgusa. Chapati zilikwisha kabla ya bata. Magharibi ya huko Novemba inaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Akaomba mahali pa kuswali, wakampa chumba cha mashine za kufulia, na mzee wa nyumba akapunguza sauti ya mpira kwenye televisheni hadi alipotoa salamu.

Kabla ya kuanza kula waliitwa wote meza kubwa wapigwe picha. Hiyo ndiyo picha. Sekunde mbili. Kwao ilikuwa saa tisa alasiri, kwetu saa sita usiku, na kulipokucha nikaipandisha kwenye darsa.

Najua baadhi yenu mtasema, "Ustadh amelegea." Basi nisemeni kwa nilichokisema, si kwa mnachokidhani. Mtume s.a.w. alipofika Madina alikuta watu wana siku mbili za michezo tangu ujahiliya, akawafundisha kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku bora kuliko hizo, Idi mbili. Hatuna ya tatu. Kijana akiweka bata mzinga nyumbani kwake kila Novemba na kuifanya siku hiyo ni yake, nitamkataza. Akivaa fuvu Oktoba, nitamkataza. Wapo wanazuoni wanaokataza hata kuhudhuria chakula cha siku hiyo kwa sababu ya kujifananisha, na wapo wanaoiona ni ada ya kifamilia na si ibada. Mimi si mufti. Ninayeona ana hoja nzito za kujizuia, na ajizuie, Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini mgeni aliyeitwa na jirani, akatangulia kusema dini yake, akakaa mbali na pombe, akaacha nyama iliyomtia shaka, akaswali kwa wakati wake, huyo siwezi kumwita muuza dini. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba Myahudi alimwalika Mtume s.a.w. mkate wa shayiri na mafuta yaliyoanza kuharibika, naye akaitika. Na aya ya 8 ya Surat Al-Mumtahina haitukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu.

Na tujiangalie sisi wenyewe hapa Babati. Mji huu una Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wambugwe, na kila kabila lina wa msikitini na wa kanisani. Wangapi kati yetu wake zetu wamejifungulia hospitali ya misheni Dareda? Mkristo akiwa na harusi hapa Bagara humwita Mwislamu amchinjie ng'ombe ili jirani zake wote wale. Nani alimwambia? Hakuna. Idi sahani za pilau zinatoka kwetu, Krismasi soda na mchele vinakuja kwetu, na hatujawahi kuitana makafiri kwenye WhatsApp. Yule mama wa Iowa amemfanyia mtoto wetu lile tunalolifanya sisi. Ilipofanywa mbali, na mtu mwenye ngozi nyingine, tukaiona ni dhambi.

Desemba walimwalika kanisani usiku wa Krismasi. Akakataa kwa upole, akawaambia hilo ni ibada na mimi nina ibada yangu. Hawakukasirika. Badala yake alichukua zamu ya tarehe 25 ya mwenzake mwenye watoto wadogo, ili akae na familia yake. Mwenzake naye ameahidi kuichukua zamu yake siku ya Idi. Nilimuuliza nani alimfundisha kupambanua hivyo, meza na kanisa. Akasema, "Wewe ustadh, darasa la fiqhi, nikiwa na miaka kumi na mbili." Nilinyamaza. Nilimfundisha, kisha sikuamini kuwa alijifunza.

Neno kwa wazazi wenye watoto Marekani, Uingereza, Omani, popote. Mtoto huyu aliniambia kwa siku za kawaida simu tano kati ya sita anazopata kutoka nyumbani ni za kuombwa fedha: ada, mabati, msiba. Aliyemuuliza Alhamisi utakula wapi ni mtu wa dini nyingine. Mpigieni muulize amekula nini. Mtoto akikatika nyumbani ndipo anapotafuta nyumba nyingine, na hapo sitakuwa na fatwa ya kumrudisha.

Nimemwomba msamaha yeye, nimemwomba mama yake, na Ijumaa iliyopita nilisimama mbele ya walewale niliowaambia mwanzo nikayafuta maneno yangu. Mwenye ile rekodi ya Novemba naomba aifute. Kama alishaitumia kwa watu, atume na hii kwa haohao.

Ramadhani iko karibu. Kijana anataka kuwaalika familia ile chumbani kwake siku ya Idi, wale pilau ya kwetu. Mama yake anamfundisha kwa simu saa sita za usiku, na juzi alikuja kwangu kuuliza kama namjua msafiri yeyote wa kumpelekea bizari. Simjui. Anayemjua aniandikie.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.