Daudi Alimlilia Absalomu



Fungua 2 Samweli 18 kabla hujaendelea. Absalomu amemwasi babake, amemfukuza Yerusalemu na kumwaibisha mbele ya Israeli yote. Kosa lake si dogo. Lakini jeshi linapotoka kwenda kupigana naye, Daudi anawaagiza makamanda wake watatu, watu wote wakisikia, wasimdhuru yule kijana.

Sura hiyo imenisumbua tangu niliposoma habari za Marekani ya mwaka 1970. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea, na tarehe 30 Aprili Rais Nixon akatangaza kwamba majeshi yanaingia Kambodia pia. Vyuo vikuu vikalipuka kwa maandamano. Katika chuo cha Kent State, Ohio, jengo la mafunzo ya kijeshi lilichomwa Jumamosi usiku. Jumatatu, 4 Mei, askari wa akiba wa jimbo walifyatua risasi zipatazo 67 kwa sekunde 13. Wanafunzi wanne wakafa, tisa wakajeruhiwa. Wawili kati ya waliokufa hawakuwa hata wakiandamana, na mmoja wa hao wawili alikuwa mwenyewe akifunzwa kuwa afisa wa jeshi.

Sasa sikia, mpendwa. Gallup walipowauliza Wamarekani nani wa kulaumiwa, asilimia 58 walisema ni wanafunzi. Asilimia 11 tu waliwalaumu askari. Hii ni nchi ya makanisa kila kona! Wazazi walitazama maiti za watoto wa watu wakasema, wamejitakia.

Siku nne baadaye wanafunzi walikusanyika mjini New York, karibu na Wall Street, kuwaomboleza wenzao. Wanaume wa mjengo wapatao 200 wakawavamia, wengine wakiwapiga kwa helmeti zao, na umati ukazidi kukua. Watu karibu 70 waliumia. Meya alikuwa ameamuru bendera ipepee nusu mlingoti. Wakalazimisha ipandishwe juu. Kanisa la Trinity lilipokuwa likiwahudumia majeruhi, wakaing'oa bendera ya Msalaba Mwekundu iliyotundikwa pale. Kabla mwezi haujaisha, viongozi wa vyama vyao walikaribishwa Ikulu, na Nixon akapokea zawadi ya helmeti.

Usiwadharau hao wanaume haraka. Mwanafunzi wa chuo aliweza kuahirishiwa kwenda jeshini; mtoto wa fundi akapelekwa Vietnam. Baba ana mwana msituni, halafu kila jioni anaona kwenye televisheni kijana mwenye nywele ndefu, anayevuta bangi, akichoma bendera ile ile inayofunika majeneza ya akina mwanawe. Uchungu huo ni wa kweli. (Nywele, kwanza, si habari mpya. Soma 14:26 uone za Absalomu zilipimwa uzito gani.) Na mimi sitetei bangi wala uasherati wa kizazi kile. Dhambi ni dhambi.

Lakini uchungu wao una mwenzake katika Biblia, naye ni Yoabu. Katika sura ya 19 anamkemea mfalme kwa kumlilia adui huku akiwaaibisha waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake. Yoabu ana hoja, na Daudi anaikubali: anainuka, anaketi langoni, anawapokea watu wake. Ila hakuna mahali anapoambiwa na Mungu kwamba machozi yale yalikuwa makosa. Na aliyemchoma Absalomu mikuki mitatu akining'inia mtini, hawezi hata kujitetea, ni Yoabu huyo huyo.

Huko huko Marekani, miaka hiyo hiyo, kulikuwa na mchungaji Chuck Smith wa Costa Mesa, California, mtu aliyetoka katika kanisa la Kipentekoste. Mahipi hakuwapenda. Mkewe, Kay, ndiye aliyeanza kuwalilia na kuwaombea. Baadaye vijana wale wale waliingia ibadani pekupeku, wakabatizwa kwa mamia katika bahari ya Pasifiki. Wengine wakawa wachungaji. Kwa nini hawa hawakuhesabiwa katika ile asilimia 58? Kwa sababu mama mmoja alilia kwanza, akauliza maswali baadaye.

Nasi tusijifanye tuko mbali. Juni 2024 vijana wetu walipigwa risasi Nairobi, na wako waumini, watu wanaonena kwa lugha, ambao neno lao la kwanza lilikuwa: walienda kutafuta nini mjini? Mama wa marehemu akiwa ameketi safu ya tatu.

Unaweza kupinga maandamano. Unaweza kuyaunga mkono. Daudi alipigana na uasi ule mpaka mwisho, wala hakuuita jina lingine. Ila habari ilipofika, swali lake kwa wajumbe wote wawili lilikuwa moja: kijana yuko salama?

Jumapili hii tunasoma sura ya 18 na 19 kwa pamoja, ibada ya pili. Njoo na kijana wako, hata yule mliyegombana naye. Aje alivyo, na rasta zake.