Kali! Kali Nini?

"Kaicheki hiyo muvi. Kali!"

Basi. Mtu amekaa saa mbili mbele ya skrini, amemaliza bando, amekesha mpaka macho yamekuwa mekundu, na anachotuletea asubuhi ni neno moja. Ukimuuliza kali nini, anakushangaa wewe. Kali, bwana, we iangalie tu.

Mwenzake naye ana neno lake: mbovu. Mbovu nini? Mbovu tu.

Nimechoka. Nimechoka na kali, nimechoka na mbovu, nimechoka na vile vialama vya moto na vya kucheka vinavyomwagwa kwenye simu halafu tunaambiwa hayo ndiyo maoni ya mashabiki. Tunajiita wapenzi wa filamu. Mpenzi gani huyu asiyeweza kusema amependa nini?

Na usijitoe, ndugu yangu. Nawe umo.

Hatukuwa hivi. Waulize waliokulia uswahilini enzi za vibanda umiza. Mmoja alikuwa na hela ya kiingilio, kumi hawana. Aliyeingia alitoka na deni: kesho yake lazima asimulie picha. Na alisimulia! Alianza na steringi, akaja kwa adui, akaonyesha kwa mikono jinsi mlango ulivyovunjwa, risasi akazipiga kwa mdomo. Akichapia mahali, mwenzake aliyeiona alimkatiza palepale: "Muongo! Hakumpiga pale. Alimwacha kwanza aombe msamaha." Vurugu ikaanza. Kwa nini alimwacha? Alimhurumia, au alitaka ateseke zaidi? Mtoto wa darasa la tano, kandambili moja imekatika, anabishana juu ya nia ya mhusika!

Ule ulikuwa uhakiki. Haukudai shahada. Ulidai mtu awe ameiangalia picha kwa macho yake yote.

Hata waliotutafsiria hawakuwa kasuku. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Kenya ikawa na DJ Afro, Kampala VJ Jingo. Steringi alisifiwa, alionywa, alizomewa, na ukumbi mzima ulijibu. Kibanda kizima kilikuwa kinafikiri kwa sauti.

Rudi nyuma zaidi. Wazee wetu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam walijaza majumba ya sinema kuiona Awara ya Raj Kapoor, picha ya mwaka 1951. Kihindi wengi wao hawakukijua. Lakini waliielewa, kwa sababu jambo lake lilikuwa la kwao. Hakimu anaamini kwamba mtoto wa mwizi hawezi kuwa kitu kingine ila mwizi. Kisha anamfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku, na mwanawe mwenyewe wa damu anaishia mikononi mwa jambazi, na baadaye kizimbani. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ndivyo tunavyosema sisi. Je, ni kweli? Nani aliyemharibu yule kijana, damu au dunia? Watu walitoka na swali hilo ukumbini wakaenda nalo barazani, likaliwa na kahawa na kashata siku kadhaa. Picha moja!

Leo tunaangalia filamu tatu kwa usiku mmoja na hatuna swali hata moja la kumpa jirani.

Tunaangaliaje, kwanza? Simu mkononi, filamu kwenye runinga, macho yanahama huku na huku. Mazungumzo yakirefuka, tunapeleka mbele. Mama mzazi wa mhusika anafariki, sisi tunajibu meseji. Wengine hata hawaangalii: wanatazama muhtasari wa dakika chache, sauti ya mtu asiyejulikana inawasimulia mwanzo hadi mwisho, halafu wanatoka kifua mbele kutoa hukumu. Wengine wanahukumu kwa maisha ya mwigizaji. Dada yule simpendi, ana maringo. Kaka yule nipo timu yake, hata akiigiza kama gogo nitamsifu. Hii ni nini? Tunajadili filamu au tunasutana?

Mwaka 2018 Wakenya walituonyesha jinsi gonjwa hili lilivyo kubwa. Bodi ya filamu ya nchi hiyo ilipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wanaopendana. Ilikuwa Aprili. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Nyumbani watu wakagombana hadi Septemba, wengine wakiitetea kwa jazba, wengine wakiilaani kwa jazba, na karibu wote walikuwa hawajaiona! Mahakama Kuu ilipofungua mlango kwa siku 7, watu wakajaa kumbini Nairobi. Waliokwisha kuihukumu kwa miezi mitano, wangapi waliona haja ya kwenda kuitazama? Unaweza kuikataa filamu, ni haki yako. Lakini unakikataaje kitu ambacho hujakiona?

Sasa nije nyumbani Tanzania, maana huku ndiko kidonda kilikochimbika.

Mwaka 2003 George Tyson alipotoa Girlfriend, watu walihisi kitu kimezaliwa. Wakanunua kanda, wakaazimana, wakajaa sebule za wenye deki. Miaka tisa baadaye, Aprili 2012, Steven Kanumba alipofariki akiwa na miaka 28, Dar es Salaam ilifurika kwa msiba. Umati ule haukulipwa na mtu. Huwezi kuniambia Watanzania hawapendi filamu zao.

Walizipenda. Ila walizipenda wakiwa bubu.

Unalikumbuka lile geti? Usijifanye hulijui. Gari linakuja, linapiga honi. Tunasubiri. Mlinzi anatoka kibandani, anafungua upande mmoja, anafungua upande wa pili. Gari linaingia, linaegeshwa, linazimwa. Dereva anashuka, anafunga mlango, anatembea uwanja mzima, anafika barazani, anabonyeza kengele. Tunasubiri tena. Dada wa kazi anafungua. "Karibu." "Ahsante." Na stori haijasogea hata hatua moja! Geti lile tulifunguliwa filamu hii, tukafunguliwa na ile, mpaka hadithi ya saa moja na nusu ikavutwa ikawa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na wewe ukalipia kava mbili.

Nani alisema? Nani alimfuata mwongozaji akamwambia, kaka, lile geti linatuchosha, likate? Mbele yake tulisema kali. Nyuma yake tulicheka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulimsifia mgema mpaka tukawa tunakunywa maji matupu, kisha tukahamia kilabu kingine kimyakimya: kwa Wanigeria, kwa Wakorea, kwa Wafilipino, kwa Waturuki waliowekewa sauti za Kiswahili.

Aprili 2017 wasanii waliandamana Kariakoo wakilalamikia filamu za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Kumbuka tulivyowajibu. Tengenezeni filamu nzuri, tukawaambia, acheni kulia! Jibu lilikuwa tamu mdomoni. Lakini miaka yote ile walipokuwa wanaharibu, sisi tulikuwa wapi? Mshabiki wa mpira hamwachi kocha alale: atamwambia beki wa kushoto anapanda bila kurudi, kiungo amechoka dakika ya sitini, na atataja mechi tatu kuthibitisha. Huyohuyo, kwenye filamu, anakuwa na neno moja. Akili yake inakwenda wapi?

Angalia matokeo yake, maana hapa ndipo panaponiuma.

Mwandishi wa skripti anapopata kali kwa kazi aliyoilipua kwa siku mbili, na kali ileile kwa kazi aliyoisugua mwaka mzima, wewe ungekuwa yeye ungefanya nini mwaka unaofuata? Ungelipua. Mtayarishaji anahesabu waliobofya, si walioguswa, kwa sababu walioguswa hawasemi. Mwenye kipaji anakata tamaa, mjanja wa kutafuta kiki anakaa kwenye kiti chake. Halafu tunalalama kwamba Bongo Movie imekufa. Nani alikuwa zamu usiku ule?

Nikupe mfano unaonikera kuliko yote. Vuta N'Kuvute. Amil Shivji aliichukua riwaya ya Adam Shafi, ile iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi, akaifanya filamu. Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado amekalia kiti. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anatoroka, anakutana na Denge, kijana anayetafutwa na serikali kwa siasa zake. Ilionyeshwa Toronto Septemba 2021. Mwaka uliofuata ikawa filamu ya Tanzania kwenye kinyang'anyiro cha kuwania Oscar, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Maangamizi ya 2001.

Hapa palikuwa na karamu ya mabishano! Waliosoma kitabu wangeuliza kilichoachwa na kwa nini. Yasmin wa kwenye filamu ana sauti kubwa kuliko wa riwayani, au amenyamazishwa? Mwajuma, ambaye Siti Amina alimcheza, amepewa nafasi anayostahili? Ule mwendo wa taratibu wa filamu unakuvuta ndani au unakupa usingizi? Mwenye kusema ilimchosha, aseme alichokea wapi. Mwenye kusema ilimliza, aseme palipomliza.

Tulipata nini mitaani? Nusu: hongereni, mmetuwakilisha. Nusu nyingine: hiyo ya watu wa matamasha, haina mapigano. Waliosema hivyo, wengi hawakuwa wameiona hata nusu saa. Filamu inayotoka kwenye riwaya yetu, kwa Kiswahili chetu, kuhusu ukoloni uliowatesa babu zetu, na tukaipa pongezi kama za harusi!

Najua utakachosema. Utasema wasanii wenyewe hawataki kukosolewa. Ukisema sauti haisikiki unaambiwa una chuki, ukisema mwisho hauingii akilini unaambiwa katengeneze yako. Kweli, wapo, na wanajichimbia kaburi. Sihitaji kuwa mpishi ili nijue wali umeungua. Lakini wasanii hao walijifunza wapi kwamba kila ukosoaji ni chuki? Kwetu. Sisi tuliowatukana mavazi na ndoa zao badala ya kuwaambia habari za kazi yao. Mtu aliyezoea matusi tu atausikiaje ukosoaji wako, hata ukiwa wa haki?

Kwa hiyo usijifiche nyuma yao. Ukiipenda filamu, taja tukio. Ukiichukia, taja tukio. Sema mwigizaji alipokudanganya na ukaridhika kudanganywa, na pale uliposhtuka ukaona anasoma mistari. Muziki ulikuingia wapi, na wapi ulikufokea ulie wakati huna sababu ya kulia? Usimmalizie mwenzako uhondo, lakini usimnyime hoja. Na kama hukuiona mpaka mwisho, funga mdomo.

Filamu uliyoimaliza jana, nani aliandika skripti yake? Nani alishika kamera? Yule mama wa sokoni aliyetokea mara mbili tu, kwa nini waliomwongoza walimrudisha mara ya pili? Ukiwa na majibu, hata ukiwa na jibu moja ambalo mimi nitalikataa, njoo tubishane mpaka muuza kahawa atufukuze. Kama huna, usinitumie linki.