Kuuzunguka Mji kwa Baisikeli Siku Moja

Kununua baisikeli ni jambo moja, kuiendesha ni jambo la pili, na kuiendesha kutwa nzima kuuzunguka mji mkubwa kama Nairobi ni jambo la tatu kabisa. Wengi huyachanganya mambo haya matatu. Mtu akiweza kwenda kutoka goli moja hadi la pili katika kiwanja cha mpira pasipo kuanguka, hujiona tayari kwa safari yo yote. Kila nauli za matatu zipandapo, vijana waliokuwa wakiidharau baisikeli huitazama tena kwa heshima. Basi yafaa tulizungumze jambo hili mapema, kabla hawajatoka.

Chombo chenyewe si cha jana. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedali, mpandaji akijisukuma kwa miguu yake chini. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa baisikeli ambayo mnyororo wake huzungusha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akikaa Belfast, akaleta tairi la upepo. Tangu hapo umbo lake halikubadilika sana. Hata ile baisikeli nyeusi nzito, ambayo watu wa Kenya huiita Black Mamba, ni mjukuu wa ile ya Starley. Nayo bodaboda ilizaliwa mpakani Busia kwa baisikeli, kabla pikipiki hazijalirithi jina hilo.

Sasa nitawaeleza habari za kijana mmoja jirani yangu, akaaye Donholm, ambaye sitamtaja jina. Ni tarishi katika ofisi mjini. Mama yake ni mkulima huko Murang'a, na dada yake mdogo yuko shule ya sekondari. Kijana alifanya hesabu yake kwa kalamu na karatasi, akaona ya kuwa akienda kazini kwa baisikeli, nauli atakayoiweka itasaidia karo ya dada yake kila muhula. Hesabu ilikuwa sawa. Lakini alipompigia mama yake simu kumwarifu, mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nisije nikapata karo nikakosa mtoto."

Neno hilo lilimchoma. Akaazimu kumwonyesha mama ya kuwa yeye si mtoto tena. Siku ya Jumapili angeuzunguka mji mzima: kutoka Donholm kwa barabara ya Jogoo hadi mjini, kisha kupanda kwa barabara ya Limuru, kupita ndani ya msitu wa Karura, kutokea barabara ya Kiambu, kushika barabara ya Thika, na kurudi nyumbani kwa barabara ya Outer Ring. Safari hiyo haipungui kilometa 30. Naye alikuwa na majuma matatu tu tangu ajue kupanda.

Hapa yafaa msomaji aijue nchi ilivyo. Nairobi iko kadiri ya meta 1,700 juu ya bahari, lakini haikulala sawa. Upande wa magharibi umeinuka na upande wa mashariki umeshuka, na kwa sababu hiyo mito yake hutoka magharibi kwenda mashariki kuutafuta mto Athi. Basi mtu aendaye magharibi hupanda polepole hata asijue ni kwa nini anachoka, na mtu aendaye kaskazini huvuka bonde baada ya bonde: hushuka kwenye mto, hupanda, kisha hushuka tena. Aliyezoea kupanda gari hayaoni mabonde hayo, kwa maana injini humfichia. Mwenye baisikeli huyahesabu yote kwa magoti yake.

Kijana alitoka saa moja asubuhi, amekunywa kikombe cha chai tupu. Barabara ya Jogoo Jumapili asubuhi ina nafasi, akafika mjini kwa furaha. Akapita chini ya ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo baisikeli haziruhusiwi kuipanda, akaanza mlima. Kufika City Park alikuwa akitweta. Mara mbili alishuka akaikokota baisikeli, jambo ambalo si aibu hata kidogo, lakini yeye aliliona aibu, akatazama nyuma kama kuna amwonaye.

Alipolipa kiingilio na kuingia Karura moyo ulimtulia. Msitu huo una zaidi ya hekta 1,000, na yatupasa kukumbuka ya kuwa mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa humo walipokuwa wakiutetea usigawanywe kuwa viwanja. Kama wasingesimama imara, leo mwenye baisikeli asingekuwa na mahali pa kwenda bila motokaa nyuma yake. Kijana alizunguka humo muda mrefu kuliko alivyokusudia, akamaliza maji yake yote. Alipotoka upande wa Kiambu ilikuwa karibu saa saba, jua la utosi, na tumboni mwake hamna kitu.

Barabara ya Thika, iliyokamilika upya mwaka 2012, ina njia ya baisikeli, naye akaipita salama. Lakini katika barabara ya Outer Ring nguvu zilimwisha kwa ghafula. Mikono ilitetemeka, macho yakaingia giza, gurudumu likayumba kuelekea kwenye motokaa. Matatu ikapiga honi kali. Akavuta usukani upande wa kushoto, akaanguka majanini na baisikeli juu yake. Matatu ikapita. Nafasi iliyokuwa kati yao, alivyoniambia mwenyewe, haikufika urefu wa mkono.

Mzee mmoja aliyekuwa akiendesha mkokoteni wa punda akasimama, akamwinua, akamkalisha kivulini.

"Kijana wangu, umekula nini leo?"

"Chai, mzee."

"Punda wangu huyu simfungi mkokoteni kabla hajala. Na wewe una akili kumpita yeye?"

Akampa ndizi mbili na maji ya chupa. Baada ya nusu saa macho yalirudi. Kijana alitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia iliyobaki, akafika nyumbani saa kumi, magoti yamechubuka.

Wasomaji wapenzi, nimeieleza habari hii ili tuone sababu zake. Mtu asiseme ya kuwa kijana alirogwa, wala asiseme ya kuwa baisikeli ni chombo kibaya. Mwili huweka akiba yake ya sukari katika misuli na ini. Kwa kazi nzito akiba hiyo huweza kwisha kwa saa mbili hivi, na ikiisha, hata mtu shujaa huanguka. Basi shikeni mambo haya machache.

Kwanza, kuleni kabla ya safari, na mchukue chakula: ndizi, kiazi kitamu kilichochemshwa, au mkate. Kuleni kidogo kidogo kabla ya njaa, na kunywa maji kabla ya kiu.

Pili, kiti cha baisikeli kiwe kimo chake. Keti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyoka sawasawa, kiti ni cha kufaa. Kiti kikiwa chini mno, magoti huumia na nguvu hupotea bure.

Tatu, jaribuni breki zote mbili kabla ya kutoka, mbele na nyuma, na tairi zijae upepo. Tairi iliyolegea humfanya mtu asukume mzigo usioonekana. Tena mchukue pampu, viraka na gundi.

Nne, pandeni upande wa kushoto, mwendo ulionyoka, bila kuyumba. Vituo vya matatu ni mahali pa hatari kuliko milima: punguzeni mwendo, mwangalieni dereva, wala msidhani ya kuwa amewaona.

Tano, ijueni saa. Nchi yetu i karibu na ikweta, na jua huchwa kadiri ya saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kisha giza huja upesi. Asiye na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma awe nyumbani kabla ya hapo.

Sita, ongezeni safari kwa kipimo. Juma la kwanza kilometa 5, la pili 8, la tatu 12. Mkulima apelekaye maziwa au mboga sokoni alijua neno hili zamani: hakuanza na mzigo mzima juu ya keria.

Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alianza ujana wake akipanda pamoja na David Kinjah katika vilima vya Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Hakuanza na milima ya Ufaransa. Na mwaka 2022 Suleiman Kangangi, mwendeshaji hodari wa Kenya, alifariki baada ya kuanguka katika mashindano huko Vermont, Marekani. Ikiwa barabara humwangusha bingwa, sisi makarani na wakulima yatupasa kuiheshimu zaidi.

Kijana yule alimweleza mama yake habari zote, hakuficha hata kuanguka. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa ruhusa kwa masharti matatu: asipande gizani, asipande mvua ikinyesha, wala asitoke nyumbani pasipo kula. Kijana akakubali. Siku hizi hupita mlangoni pangu asubuhi, mwendo wa pole, na nyuma kwenye keria amefunga mfuko wenye viazi vitamu. Muhula uliopita dada yake hakurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.