Kati ya Pigo na Pigo

Ndugu msomaji, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba, uyasikilize mapigo. Kisha vuta pumzi polepole hadi mwisho, na uitoe polepole vilevile. Ukiwa kijana mwenye afya, huenda ukahisi mapigo yakiharakisha kidogo pumzi inapoingia na yakilegea inapotoka. Wazee watakaojaribu watahisi tofauti ndogo zaidi, au wasihisi kitu, na wasitishike. Tofauti hiyo hupungua kwa umri.

Tumezoea kuusifu moyo kwa kusema kwamba unapiga kama saa. Sifa hiyo haiufai moyo wenye afya. Mtu mwenye mapigo 60 kwa dakika hapati pigo moja kila sekunde kamili. Pigo moja huja baada ya milisekunde 950, la pili baada ya 1,040, la tatu baada ya 990, na milisekunde moja ni sehemu ya elfu ya sekunde. Matabibu wa zamani hawakuwa na mashine ya kupima haya, lakini vidole vyao havikuwa wajinga. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb aliyapanga mapigo ya mshipa kwa sifa kumi, na mojawapo ni kufanana au kutofautiana kwa mapigo hayo.

Sababu ya kutofautiana huko ni kwamba moyo unaongozwa na neva za aina mbili. Za kwanza huuchochea: unapopanda ngazi au unapopata hofu, ndizo zinazouharakisha. Ya pili, iitwayo vagasi, hushuka kutoka kwenye ubongo na kuushika moyo kama hatamu inavyomshika farasi, ikikaza na kulegeza kwa kila pumzi. Mkono huo wa hatamu ukiwa hai, nafasi kati ya pigo na pigo hubadilika daima. Shambulio la moyo, yaani mshipa unaolisha moyo unapoziba na sehemu ya msuli ikafa, huvuruga mizani hiyo. Neva za kuchochea hutawala ili shinikizo la damu lisianguke, nayo vagasi hunyong'onyea. Mapigo huwa yamekakamaa, yamelingana mno, na moyo ulio katika hali hiyo ni mwepesi zaidi kupatwa na ghasia za umeme ziwezazo kuusimamisha ghafla.

Mwaka 1978, madaktari wa Melbourne, Australia, walichapisha habari za wagonjwa 176 waliolazwa kwa shambulio la moyo. Wale ambao mapigo yao yalionyesha kutofautiana walifariki hospitalini kwa uchache zaidi kuliko wenye mapigo yaliyolingana. Habari hiyo haikuvuma sana. Iliyovuma ni ya mwaka 1987, pale Robert Kleiger na wenzake wa Marekani walipoeleza juu ya wagonjwa 808 walionusurika. Kila mmoja alikuwa amefungwa kwa saa 24 kifaa cha Holter, ambacho huandika umeme wa moyo usiku na mchana, kisha wakafuatiliwa kwa wastani wa miezi 31. Kwa kila mgonjwa watafiti walikokotoa kiasi ambacho nafasi za mapigo zilitawanyika kutoka kwenye wastani wake. Waliokuwa chini ya milisekunde 50 walikuwa na hatari ya kufa mara 5.3 ya wale waliozidi 100.

Hesabu kama hii humwingia mtu vibaya akiisikia kando ya kitanda cha mzazi wake. Isomwe kwa utulivu. Katika watu hao 808, waliofariki walikuwa 127, na hata katika kundi lenye mapigo yaliyokakamaa wengi walikuwa hai utafiti ulipokwisha. Tena ule ulikuwa wakati ambapo kuzibua mshipa kwa dawa au kwa puto hakujawa jambo la kawaida. Kipimo hiki kinazungumzia kundi la watu. Mgonjwa mmoja hakimsomei ajali yake.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Kujua nani yumo hatarini si sawa na kujua la kumfanyia. Mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao DINAMIT. Walichaguliwa wagonjwa 674, siku 6 hadi 40 baada ya shambulio, ambao moyo wao ulisukuma damu kwa udhaifu na mapigo yao yalikuwa yamekakamaa au ya kasi. Nusu yao hivi walipandikizwa kifuani mashine ndogo inayoushtua moyo kwa umeme unapokumbwa na ghasia. Mashine ilifanya kazi yake: vifo vya ghasia za umeme vilikuwa 12 kwa wenye mashine na 29 kwa wasio nayo. Lakini vifo vya sababu nyingine viliongezeka, na jumla ikawa 62 kwa 58. Hakuna aliyepata faida ya maisha marefu. Mapigo yaliyokakamaa yalikuwa yakieleza udhaifu wa mwili mzima, nao hauponi kwa kushtuliwa.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi saa za mkononi huonyesha tarakimu ya kutofautiana kwa mapigo, na kijana aliye ughaibuni humtumia baba yake saa hiyo kwa mapenzi. Tarakimu ya saa hukusanywa kwa muda mfupi, mara nyingi usingizini, na kila kampuni hukokotoa kwa njia yake. Haiwezi kulinganishwa na ile 50 ya mwaka 1987. Baba asinyimwe usingizi kwa ajili yake, na kubwa zaidi, asiache dawa kwa kuwa tarakimu imependeza. Dawa ambazo majina yao huishia kwa "lol", kama atenolol na bisoprolol, hupunguza kasi ya mapigo kwa makusudi. Familia huona mapigo yamepungua, wakadhani dawa inamdhoofisha mzee, wakaikatisha. Kuikatisha ghafla kwa mtu mwenye maradhi ya mishipa ya moyo kunaweza kuleta shambulio jingine. Kama ana kizunguzungu au anazimia, arudishwe kwa daktari apunguze kipimo.

Yule ambaye daktari ataamua afungwe Holter, asikae kitandani siku hiyo. Aende msikitini, apande ngazi zake, ale na alale kama kawaida, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu aliyelala kutwa haielezi moyo wake wa kila siku. Waya hubandikwa kifuani, hivyo udhu hauna shida, bali maji yasimwagike kwenye kifaa. Aoge kabla ya kwenda hospitali, wala asipake mafuta kifuani, waya hazitashika.