Muuguzi Aliyeingia Bungeni

 Mwezi huu hatutazungumzia kuharisha kwa watoto wala lishe ya mama mjamzito. Tutazungumzia Bunge. Tunajua wapo watakaokunja uso na kusema, "Siasa ni mambo ya wanaume na mikutano ya hadhara, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana, kwani mengi tunayokutana nayo katika wodi ya wazazi yaliamuliwa kwanza na watu waliokaa bungeni, wakanyosha mikono, wakaenda kula chakula cha mchana.

Miongoni mwa watu hao aliwahi kuwemo mwenzetu, yaani muuguzi. Lucy Lameck alizaliwa Njoro, Moshi, mwaka 1934, katika familia ya wakulima. Alisomea uuguzi, lakini hakukaa sana wodini. Katika miaka ya 1955 hadi 1957 alifanya kazi ya ukatibu katika chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kile kinachojulikana kama KNCU. Sisi tunaoishi kwa kahawa tunaelewa hiyo ni shule ya namna gani. Anayekaa karibu na mizani huona ni nani aliyechuma na ni nani anayepokea fedha, na mara nyingi si mtu yule yule. Alijiunga na TANU, akapata nafasi ya kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza, na baadaye alisoma pia Marekani.

Mwaka 1960 akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia katika baraza la kutunga sheria la Tanganyika. Mwaka 1962 aliingizwa serikalini, katika wizara iliyoshughulikia ushirika na maendeleo ya jamii, akawa mwanamke wa kwanza nchini kushika madaraka ya ngazi ya uwaziri. Hebu fikiri, mama, alikuwa na umri wa miaka 28 tu! Kuanzia 1967 hadi 1972 alikuwa waziri mdogo wa afya. Hiyo ndiyo miaka iliyofuata Azimio la Arusha, wakati Serikali ilipoanza kugeuza macho kutoka hospitali kubwa za mijini na kutazama zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Ukienda leo kupima mtoto uzito katika zahanati iliyo hatua chache kutoka nyumbani kwako, usidhani iliota kama uyoga. Alifariki mwaka 1993.

Lakini jambo tunalotaka kukaa nalo leo ni sheria iliyopita yeye akiwa serikalini, nayo ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Kabla yake kila kabila na kila dini ilikuwa na njia yake, na mama akidhulumiwa hakujua aende kwa nani. Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ili watu watoe maoni, na watu walitoa kweli kweli. Walikuwepo waliosema kwamba sheria hii itawafanya wanawake wawe na kiburi.

Tumeona kwamba wengi wetu tumeolewa chini ya sheria hii, tena kwa shangwe na keki, bila kujua imesema nini. Imesema kwamba hakuna mwenye ndoa aliye na haki ya kumpiga mwenzake. Narudia tunayosema kliniki kila mara: hakuna, hata kama chakula kimechelewa. Imesema nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Na kwa sisi Wakristo tuliofunga ndoa kanisani, imesema ndoa hiyo haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili bado wanaikiri imani ya Kikristo. Hapa kwetu, baada ya malipo ya kahawa, kuna akina baba ambao ghafla hukumbuka kwamba babu alikuwa na wake watatu. Huyo mke mpya anayeletwa baada ya mavuno, sheria haimtambui kuwa mke wa ndoa ile.

Halafu kuna suala la mali ndoa inapovunjika. Sheria ilisema mahakama itazame mchango wa kila mmoja. Kwa miaka kadhaa mahakimu walibishana: je, kupika, kulea, kufua na kulima ni mchango, au ni wajibu tu? Mwaka 1983 kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilifika Mahakama ya Rufani, na majaji wakakubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Cha ajabu, Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwani ilionekana mume alikwisha kumpa fedha naye akazitapanya. Lakini mlango aliugonga yeye, na wengi wamepita. Mama wa Umatengo aliyechimba ngoro miaka ishirini, na mama wa mwambao anayeanika usipa tangu alfajiri, wote wawili wana la kusema mbele ya hakimu. Kumbuka tu kwamba kesi ya talaka haianzii mahakamani. Lazima kwanza mpite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, nalo likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na kwa hati hiyo ndipo mahakama hupokea shauri.

Basi, je, sheria hiyo ni njema tupu? La hasha! Ndani yake mna mwiba, na mwiba huo sisi wauguzi tunauona kwa macho. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mvulana, lakini kwa msichana miaka 15, na mahakama ikapewa ruhusa ya kushuka hadi 14. Kifungu cha 17 kikasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ataolewa kwa ridhaa ya mzazi. Pengine mwaka 1971 hiyo ilikuwa hatua mbele, kwani kabla yake wapo waliotolewa wakiwa wadogo zaidi. Lakini mtoto wa miaka 15 nyonga yake haijakomaa. Tumewapokea wasichana wa namna hiyo kutoka vijiji vya ziwani, wengine wameletwa kwa mtumbwi baada ya kushikwa uchungu siku mbili. Mtoto amekwama, kibofu kimebanwa, na mara nyingine tumemwokoa mama peke yake. Kisha baada ya wiki mkojo unaanza kumtoka bila yeye kuweza kuuzuia. Hiyo ndiyo fistula. Mume anamrudisha kwao, na kwao wanamtengea sahani yake na kona yake. Yeyote anayemjua mama mwenye shida hiyo amwambie kwamba inatibika, na kwamba hospitali ya CCBRT Dar es Salaam hutibu bila malipo.

Mwaka 2009 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mtoto, ikasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2016 likaongeza katika sheria ya elimu kwamba anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Sasa tazama ajabu hii: binti akiwa darasani ni mtoto na analindwa, akiacha shule tu kwa kukosa sare, sheria nyingine inasema anaweza kuwa mke wa mtu. Mwaka huo huo wa 2016, katika kesi iliyofunguliwa na mwanasheria kijana Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Bunge lililoanza mwaka 2020 likamaliza muda wake mwaka 2025 bila kuvibadilisha. Sababu iliyotolewa mara kwa mara ni kwamba maoni ya wadau bado yanakusanywa, wakiwemo viongozi wa dini.

Viongozi wa dini! Hapo ndipo tunapoona kwamba jambo hili limetufikia mlangoni. Mchungaji au padre akiulizwa, atasema nini, kama sisi akina mama wa jumuiya hatujawahi kumweleza tunayoyaona? Wapo wazee wa kanisa wema kabisa wanaosema ni afadhali binti aolewe kuliko azae nyumbani. Tunaielewa hofu yao. Lakini uterasi haijui kama umefungishwa ndoa au hukufungishwa.

Turudi kwa wabunge. Zamani tulihesabu wanawake bungeni kwa vidole. Siku hizi, tangu 2005, Katiba inataka wabunge wa viti maalum wanawake wasipungue asilimia 30. Huku kwetu jimbo la Nyasa lilimchagua mhandisi Stella Manyanya mwaka 2015 na tena 2020, kwa kura za jimbo, siyo za upendeleo. Wala hatusemi kwamba mbunge mwanamke ni mwema kwa sababu ya kuvaa kitenge, na wapo wanaume waliotetea akina mama vizuri. Tunachosema ni kwamba mbunge apimwe kwa rekodi yake: ameuliza maswali gani, ameunga mkono muswada gani, na amenyamaza lini. Hayo yote huandikwa neno kwa neno katika Taarifa Rasmi za Bunge, na siku hizi binti yako mwenye simu anaweza kukufungulia ukasoma. Kanga na kilo ya sukari za wakati wa kampeni hazimo katika taarifa hizo.

Mwulizeni swali moja tu akija kijijini, iwe Mbamba Bay, Liuli, Lituhi au Maguu: kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, wewe umesema nini bungeni? Akijibu kwamba jambo hilo ni gumu, mwambieni aeleze ugumu uko wapi. Ni vizuri mwulize mkiwa wengi, kwani mama mmoja akisimama peke yake mkutanoni huambiwa aketi, lakini kikundi kizima cha akina mama hakiambiwi hivyo.

Na nyumbani, tafuta cheti chako cha ndoa leo. Wengi tunakuta kimeliwa na mchwa chini ya godoro. Kitie katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki za watoto. Kama kimepotea, anza kuuliza parokiani au usharikani ulikofungia ndoa, kisha ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ukiwa na majina kamili na tarehe.